Nilifuta Vidio Yangu Iliyotazamwa Kuliko Zote

Wadau, wiki ya tatu sasa mnaniuliza ile vidio ya meli ilienda wapi. Kuna wanaosema nililipwa niiondoe. Jamani, ningelipwa mngeona kwenye viatu. Niliifuta mwenyewe, saa tano usiku, nimekaa kwenye kizingiti cha chumba cha mama, namsikiliza anavyokohoa.

Kama hukuiona, ilikuwa ya sekunde 40. Nimesimama upande wetu wa Likoni, jua linazama, nyuma yangu meli ya makontena inaingia Kilindini, feri zimengoja ipite. Nikasema hivi: "Uko na habari moshi wa meli umekuwa ukipoza dunia? Mwaka wa 2020 wakaamua kuusafisha. Tangu hapo joto linavunja rekodi. Jiulize." Halafu nikainua nyusi, mnanijua. Watu elfu 90 wakajiuliza.

Kinachoniuma ni kwamba ukinishtaki kwa sentensi moja moja, nashinda kesi. Moshi wa meli ulikuwa unapoza, kweli. Mwaka wa 2020 sheria ilibadilika, kweli. Joto limevunja rekodi, kweli. Mwaka wa 2023 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, kisha 2024 ukaupita. Ila ukizipanga kweli tatu vizuri, ukaacha ya nne na ya tano nje, unaweza kumtuma mtu akawashe moto.

Na ndivyo ilivyokuwa.

Pale kwetu nyuma ya ploti kuna mzee tunamwita mjomba. Si mjomba wa damu, lakini amenilea kama wa damu, amenichapa kama wa damu. Kila jioni huchoma taka: chupa za plastiki, nepi, kandambili zilizokatika, godoro likizeeka nalo linaingia. Moshi wake hauendi mbinguni. Unakunja kona, unapita dirishani kwa mama.

Mama amekaanga viazi karai na bajia kando ya barabara miaka 16, kwenye jiko la makaa. Karo yangu yote ilitoka kwenye ile karai, mpaka ikashindwa nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, nikarudi nyumbani. Sasa kifua chake kinalia kama filimbi. Daktari akamwambia apunguze moshi. Moshi wa kazini ndio riziki, basi tukaamua angalau wa nyumbani upungue.

Nikamwendea mjomba barazani. "Shikamoo mjomba. Nilikuwa naomba, kuhusu zile taka, mama kifua chake..."

"Marahaba. Kwani si wewe uliyesema kwenye simu moshi unapoza dunia? Basi mimi napoza Likoni."

Baraza zima likacheka. Na mimi nikacheka. Hiyo sehemu ya kucheka ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Kwa hivyo leo hakuna sekunde 40. Leo nataka tukae chini nikueleze lote, pamoja na yale ambayo hata wenye digrii tano bado wanabishania. Na wewe unayependa kuniandikia "uliacha chuo utatufunza nini", karibu pia, kuna kiti.

Tuanze na moshi wenyewe. Hewani kuna chembechembe ndogo sana zinazoelea, ngumu au za majimaji. Wanasayansi huziita erosoli. Usifikirie kopo la dawa ya mbu peke yake. Chumvi inayorushwa na mawimbi pale Shelly Beach ni erosoli. Vumbi la barabara Kisauni, unga wa saruji, masizi ya jiko la mama, moshi wa trela zinazopanda Changamwe, ule wa jaa la Kibarani enzi zile ukipita unafunga madirisha ya matatu, zote ni jamii moja. Zile zinazotisha madaktari ni za maikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wako mmoja ni mnene kama mara 30 kuliko chembe hiyo. Ndiyo maana zinapita puani, zinapita kooni, zinafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu.

Zikiwa juu angani, chembe hizi zina tabia mbili kuu. Kuna nyeupe nyeupe, kama zile zinazotokana na salfa ya mafuta mazito na makaa ya mawe. Hizo hufanya kazi kama bati jipya: zinarudisha mwanga wa jua juu kabla haujafika chini, na chini kunapoa kidogo. Kuna nyeusi, yaani masizi. Hizo ni kama fulana nyeusi saa saba mchana: zinakunywa joto. Moshi wa kuni na wa taka una zote mbili kwa pamoja, na ukitaka kujua jumla yake inapoza au inapasha, inategemea umechoma nini, vipi, na moshi umefika wapi.

Halafu kuna mawingu. Hapa ndipo nilipopotea siku tatu nikisoma, sioni haya kusema.

Tone la wingu halijitengenezi hivi hivi tu. Mvuke unahitaji kitu cha kushika, na kitu hicho ni erosoli. Chumvi, vumbi, salfa, chochote kinachokubali maji. Sasa chukua wingu lenye maji kiasi kile kile, ulimwagie chembe nyingi zaidi. Maji yatagawanywa kwa matone mengi madogo badala ya matone machache makubwa. Wingu linakuwa jeupe zaidi, linarudisha jua zaidi. Mwanasayansi anayeitwa Sean Twomey alilieleza jambo hili miaka ya 1970.

Kama huamini, nenda kwa muuza juisi. Donge la barafu unaliona kama kioo, mwanga unapita. Akishalisaga, maji ni yale yale lakini limekuwa jeupe pepe. Basi moshi unasaga mawingu.

Ndiyo maana meli zilikuwa zinaacha alama. Kwenye picha za setilaiti unaona mistari myeupe mirefu juu ya bahari, kila mstari ni meli iliyopita chini ya mawingu na moshi wenye salfa. Tarehe 1 Januari 2020, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, likashusha kiwango cha salfa kinachoruhusiwa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 0.5. Hiyo haikuwa njama, wadau. Ilifanywa kwa sababu moshi ule unaua watu wanaoishi karibu na bandari na njia za meli. Yaani watu kama sisi. Mistari ikapungua, na sehemu ya kivuli tulichokuwa nacho bila kujua ikaondoka.

Iliondoka kiasi gani? Hapo sasa ndipo vita. Tafiti kadhaa zinasema meli peke yake zimeongeza joto la dunia kwa kama sehemu tano za mia za digrii moja. Kuna wengine, kama James Hansen, aliyefanya kazi NASA miaka mingi, wanaosema athari ni kubwa kuliko hiyo. Lakini hakuna kati yao anayesema meli ndizo zilizoleta joto lote. Mwaka wa 2023 kulikuwa na El Niño pia, na chini ya yote hayo kuna hewa ukaa inayorundikana kila mwaka. Hizo ndizo kweli ya nne na ya tano nilizoziacha nje ya sekunde 40.

Sasa jumla yake ikoje, dunia nzima? Mwaka wa 2021 jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilitoa ripoti yake kubwa. Dunia ilikuwa imepata joto la kama digrii 1.1 kwa sababu ya binadamu. Lakini gesi za joto, yaani hewa ukaa, methani na wenzao, zilikuwa zimepasha kati ya digrii 1.0 na 2.0. Kilichopunguza ni erosoli hasa, na zimepunguza kati ya digrii 0.0 na 0.8.

Rudia hapo. Kati ya sifuri na sifuri nukta nane. Huo ni umbali mkubwa. Ni kama uulize nauli ya kwenda Malindi ukaambiwa ni kati ya bure na shilingi mia nane.

Na si uzembe. Kwa hewa ukaa wana uhakika mzuri: inaongeza nguvu ya kama wati 2.16 kwa kila mita mraba ya dunia, na makadirio yao hayatofautiani sana. Kwa erosoli, wanakadiria zinaondoa wati 1.1, lakini jibu linaweza kuwa popote kati ya 0.4 na 1.7. Kitu ambacho kinaweza kufuta nusu ya nguvu ya hewa ukaa, hatukijui vizuri.

Ukiniuliza kwa nini, nitakupa sababu nne. Hapa ndipo mwaka wangu mmoja na nusu wa hisabati na kompyuta ulinifaa kidogo, mama asije akasema aliuza viazi bure.

Ya kwanza ni visanduku. Modeli ya tabianchi ni programu ya kompyuta. Inaigawanya dunia kuwa visanduku vya hewa na bahari, halafu inapiga hesabu ya kila kisanduku: joto, upepo, unyevu, mwanga. Kisha inasogeza saa mbele kidogo, inapiga tena, mpaka miaka mia ipite. Modeli nyingi za dunia nzima zina visanduku vya upana wa kilomita 100 hivi. Kilomita 100 ni kutoka Diani mpaka kupita Kilifi. Yaani Likoni, Kisauni, Changamwe, kisiwa chote, shamba na bahari na jaa, vyote ni kisanduku kimoja chenye namba moja. Sasa tone la wingu ni kama sehemu moja ya mia ya milimita, na wingu lenyewe linaweza kuwa la kilomita moja. Modeli haliwezi kuliona. Kwa hivyo watu hukaa wakaandika kanuni ya wastani: kisanduku kikiwa na unyevu hivi na chembe hivi, chukulia mawingu yatakuwa hivi. Kila kituo cha utafiti kina kanuni zake. Ndiyo maana majibu yanatofautiana.

Ya pili ni umri. Hewa ukaa ikishatoka inakaa, sehemu yake mamia ya miaka, na inasambaa dunia nzima karibu sawasawa. Pima mahali pamoja safi, umejua dunia. Erosoli hukaa hewani siku chache, kama wiki hivi, kisha mvua inaziosha. Kwa hivyo Jumatatu ziko hapa tele, Alhamisi hakuna. Kupima mahali pamoja hakukwambii kitu kuhusu pengine.

Na vipimo vyenyewe viko wapi? Kwenye Mlima Kenya kuna kituo cha kupima hewa, kilianzishwa mwaka wa 1999, mita zaidi ya 3,600 juu, chini ya Idara yetu ya Hali ya Hewa. Tujivunie. Lakini Afrika nzima vituo vya aina hiyo ni vya kuhesabu. Modeli inajifunza kutokana na vipimo, na ukiwa huna vipimo, wanakukadiria kutoka mbali.

Ya tatu ni jana. Ili ujue binadamu ameongeza moshi kiasi gani, lazima ujue hewa ilikuwaje kabla ya viwanda. Hesabu nyingi huanzia mwaka wa 1750. Mwaka huo Mombasa ilikuwa chini ya Mazrui, wako Fort Jesus na mambo yao, na sidhani kulikuwa na mtu juu ya ngome anahesabu chembe za hewani. Hakuna aliyepima, popote. Na mawingu yana tabia moja ya ajabu: chembe za mwanzo katika hewa safi ndizo zinazoyabadilisha zaidi, zinazofuata haziongezi sana. Kwa hivyo ukikosea usafi wa 1750, umekosea mpaka leo.

Ya nne ni bahati mbaya tu. Tarehe 4 Machi 2011 NASA walirusha setilaiti inayoitwa Glory, iliyobeba chombo maalumu cha kuchunguza erosoli. Kifuniko cha juu cha roketi kikakataa kufunguka. Setilaiti ikaishia kwenye Bahari ya Pasifiki. Imebidi kungoja mpaka Februari 2024, walipofanikiwa kurusha nyingine, PACE, yenye vyombo vya kazi kama hiyo. Miaka 13. Mimi nikipoteza rasimu moja ya vidio nakataa kula.

Lakini kuna majaribio ambayo dunia hujifanyia yenyewe. Juni 1991 mlima wa volkeno Pinatubo, kule Ufilipino, ulilipuka ukarusha mamilioni ya tani za gesi ya salfa juu sana, mahali ambapo mvua haifiki. Zile chembe zikakaa zaidi ya mwaka, na dunia ikapoa kwa kama nusu digrii. Kisha zikaanguka, joto likarudi pale lilipokuwa linaelekea. Kwa hivyo kwamba chembe zinapoza hakuna mjadala. Mjadala ni kiasi gani, wapi, na nani analipa.

Na hapo kwa nani analipa, naomba uniskize vizuri, kwa sababu tunaingia shambani kwa bibi yangu.

Bibi yuko Kinango. Kila mwaka kabla ya masika ananipigia: "Mjukuu wangu, hao watu wa simu wanasemaje, nipande lini?" Kwa bibi, mimi na Idara ya Hali ya Hewa ni kitu kimoja. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Mahindi yakakauka yakiwa urefu wa goti. Halafu Novemba 2023 ikaja ile mvua ya kubeba madaraja.

Sasa sikia hii. Tangu miaka ya 1980 masika yetu, ile mvua ya Machi mpaka Mei, kwa jumla yamekuwa yakipungua, ingawa kuna miaka yamefurika. Na modeli nyingi zinasema Afrika Mashariki, dunia ikizidi joto, itapata mvua zaidi. Vitu viwili havikutani. Wanasayansi wanakiita kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki, na mwaka wa 2015 David Rowell na wenzake waliandika orodha ya majibu yanayowezekana. Mojawapo ni erosoli.

Vipi moshi wa mbali umguse bibi? Fikiria kaskazi. Upepo ule ule ulioleta majahazi kutoka Uarabuni na India, kuanzia Desemba mpaka Machi. Mwaka wa 1999 wanasayansi wengi wakiongozwa na Veerabhadran Ramanathan na Paul Crutzen walikwenda na meli na ndege kupima hewa ya Bahari ya Hindi, kambi yao ikiwa Maldives. Wakakuta wingu la kahawia la moshi kutoka Asia Kusini, limetanda juu ya bahari eneo kubwa mno. Chini ya wingu lile bahari inapata jua kidogo. Na mvua za huku kwetu hufuata joto la bahari: ukanda wa mvua huegemea upande wenye joto zaidi. Ukipoza kaskazini kwa moshi, ukanda unaweza kusogea kusini. Ukame mkubwa wa Saheli wa miaka ya 1970 na 1980 unaaminika ulichangiwa na jambo kama hilo, moshi wa viwanda vya Ulaya na Marekani.

Kuhusu masika yetu, sitakuambia erosoli ndizo zilizofanya. Ni mshukiwa mmoja kati ya kadhaa, na bahari yenyewe ina mizunguko yake. Lakini ona uzito wake: kama modeli zimekosea moshi, huenda zimekosea mvua ya bibi. Ile 0.4 na 1.7 si namba za kwenye karatasi pekee. Ni gunia la mbegu.

Sasa nirudi kwa mjomba, maana najua wapo akina mjomba wengi kwenye simu zenu. Wanasema, kama moshi unapoza, si tuuache?

Hebu tulitazame kama hela. Tuseme una deni linalokua kila mwezi. Kuna jamaa anakuwekea shilingi mia mbili kwenye simu kila wiki, kwa hivyo ukiangalia salio hushtuki sana. Deni liko pale pale, linapanda, wewe huoni tu. Siku jamaa akiacha, salio linakuonyesha ukweli wote kwa mara moja. Halafu unagundua zile mia mbili alikuwa anazitoa kwenye pochi ya mamako.

Hewa ukaa ndiyo deni. Moshi ndiye jamaa. Anaficha siku chache tu, lazima aje tena kila wiki, na pochi anayoiba ni mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria hewa chafu huchangia vifo kama milioni 7 kila mwaka. Kama milioni 3 kati ya hivyo ni moshi wa majumbani, majiko kama la mama. Ndiyo maana China ilianza kuusafisha kwa nguvu kutoka 2013, na meli 2020. Walikuwa sawa kusafisha. Kilichokosekana ni kupunguza deni lenyewe kwa kasi ile ile. Kwa hivyo unaposikia "kusafisha hewa kumeleta joto", sema vizuri: kusafisha hewa kumefunua joto tulilokwisha kulipika.

Wapo wakubwa wanaofikiri kama mjomba, ila wao wana bajeti. Wanataka kurusha salfa juu kabisa kama Pinatubo, makusudi, ili kupoza dunia. Februari 2024, hapo Nairobi, kwenye kikao cha sita cha Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, Uswisi ilileta azimio la kutaka kundi la wataalamu lichunguze mambo hayo. Nchi za Afrika zilikuwa upande wa kutaka teknolojia hizo zisitumike, mwafaka ukakosekana, azimio likaondolewa. Mimi nilipita habari ile wakati ule nikitafuta mpira. Leo naona ilikuwa inahusu Kinango. Kama hatujui moshi wa bahati mbaya uliifanyia nini masika, nani atatuhakikishia moshi wa makusudi?

Na hili ndilo ninalotaka mlibebe. Nilikuwa nadhani mtu akisema "ni kati ya hapa na pale" basi hajui. Mimi kwenye vidio nilisema kwa uhakika mia kwa mia, na nilikuwa najua sehemu ndogo sana. Wale wanaosema "kati ya 0.4 na 1.7" wamepima miaka 30 na bado wanakuonyesha mipaka ya wanachojua. Huo ndio uaminifu. Na hata ndani ya mipaka hiyo kuna mambo hayana utata: deni linapanda, moshi unaua, na kivuli cha wiki moja si dawa ya joto la miaka mia.

Nilirudi kwa mjomba Jumapili moja asubuhi, bila simu mkononi, kabla baraza halijajaa. Nikamwambia, "Mjomba, moto wako hauwezi kupoza wala kupasha dunia, ni mdogo mno. Lakini dirisha la mama liko hatua nane kutoka hapa. Nimezihesabu."

Akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo hakuna modeli inalijibu: "Sasa taka nizipeleke wapi?"

Haki yake. Gari la taka halifiki kwetu. Tukawatafuta vijana wa mkokoteni, kila chumba kinatoa shilingi 50 kwa wiki, wanabeba. Vyumba vitatu bado havitoi. Na mjomba wiki iliyopita nilimwona anachoma magazeti, akaniona, akaanza kuzima na mguu. Mama bado anakaanga kwa makaa, kwa sababu nilipopiga hesabu ya gesi kwa karai ya kutwa nzima, faida iliisha kabla ya saa sita. Tumehamisha jiko likae upande ambao upepo unampitia mgongoni. Usiku anakohoa kidogo kuliko mwezi uliopita, au labda mimi ndiye nataka iwe hivyo. Nitasema kati ya kidogo na vile vile.

Vidio mpya iko juu, ya dakika sita, yenye yote haya. Mpaka naandika imetazamwa na watu elfu mbili na kidogo. Mmoja wao ni mjomba, ameandika chini: "Sawa professa."

Wewe mtaani kwenu taka zinachomwa saa ngapi, na dirisha la nani liko karibu? Hesabu hatua, uniandikie.